Sauti ya Mama Imekwama Kwenye Kadi

Sehemu ya Saba

Kwa uliyenikosa wiki iliyopita, usihangaike kutafuta gazeti lililokwishafungiwa maandazi. Nitakurudisha tulipo.

Mimi ni Prisila, fundi cherehani wa Nachingwea, Mmakua wa wazazi waliovuka Ruvuma kutoka Msumbiji. Nilimpenda Nicholaus, mwalimu kutoka Mbekenyera kule Ruangwa. Mama yake, Bi Lusiana, hakunitaka hata kwa dawa. Kisha akapooza upande mmoja, akaja kulazwa huku kwetu, na kwa kuwa ndugu zake wote walikuwa kwenye korosho, mimi ndiye niliyemwogesha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani, mpaka siku moja akaniita binti yake.

Siku hiyohiyo aliniambia, "Nipige picha ya kutembea kwa hiyo simu yako. Wanione nyumbani kuwa nimo. Nami nina neno nataka walisikie."

Nikampiga. Akasema yote, na akasema la ndoa, waziwazi, kwa jina langu.

Wiki haikuisha, ugonjwa ukamrudia kwa nguvu na ulimi ukafunga. Wakamrudisha Mbekenyera akiwa hawezi kusema hata "maji." Na baba mdogo wa Nicholaus, Mzee Agapiti, ambaye ndiye aliyemlea tangu baba yake afariki, akasimama akasema maneno yale hayapo. Yeye alikwisha kutoa kauli kwa rafiki yake wa Nanganga kwamba Nicholaus atamwoa binti yake, Aurelia.

"Kama shemeji yangu alimkubali huyo fundi cherehani," alisema, "basi nisikie kwa kinywa chake."

Kinywa chake kilikuwa ndani ya simu yangu. Kikao cha ukoo kilipangwa Jumapili.

Sasa endelea nami.

* * *

Ijumaa asubuhi nilifungua video ile nijiridhishe. Simu ikaganda.

Nikaizima, nikaiwasha. Nikafungua tena. Picha ya Mama ikatokea, mdomo wazi, haisogei. Juu ya kioo kulikuwa na kialama kidogo cha bahasha kinachowakawaka. Kilikuwa kikiwaka tangu Jumatano na nilikuwa nimekizoea, nikidhani ni pambo.

Simu ile Nicholaus alininunulia Dar es Salaam mwaka huo, 2009, baada ya kusahihisha mitihani. Alinunua mbili zinazofanana: moja yangu, moja ya baba yake mdogo ili asije akanung'unika. Yeye mwenyewe alibaki na kale kadogo ka tochi. Mimi nilijua kupiga, kupokea, kupiga picha na kusikiliza nyimbo. Mengine yote mle ndani yalikuwa Kiingereza, na Kiingereza kile si cha darasani.

Nikaenda kwa Kulthumu.

Kulthumu ni rafiki yangu tangu tukiwa watoto. Ana kibanda karibu na stendi, anachaji simu na kuwawekea watu nyimbo. Aliichukua simu, akaibonyezabonyeza, akacheka.

"Mwenzangu, hapa pamejaa kama godown la ufuta. Nyimbo, mapicha ya vitambaa, harusi za watu... Hivi hii bahasha unaijua ni nini?"

"Si pambo?"

"Pambo! Kuna meseji zinabisha hodi tangu juzi, hazina pa kukaa. Simu ikijaa haipokei meseji. Nani anakuandikia?"

"Futa hizo nyimbo," nikamwambia.

"Nyimbo ni vitu vidogo. Lidude lenyewe ni hili video lako la mgonjwa. Ndilo limekalia nafasi yote, na ndilo linaigandisha simu likifunguka. Tulihamishie kwenye kadi. Kadi unayo?"

"Kadi ipi?"

Akaniangalia kama mtu anayemwangalia kuku aliyeingia kanisani. Akafungua mfuniko wa nyuma, akanionyesha kitundu kitupu pembeni ya betri. Kumbe simu ile ilikuwa na chumba cha pili, na mimi miezi yote nimebanana kwenye chumba kimoja.

"Siku hizi kadi zilizojaa madukani ni zile ndogo kama ukucha," alisema. "Simu yako inataka hizi nene. Ninayo yangu moja tupu, nilikuwa naitumia kwenye simu niliyokwisha kuiuza. Chukua, utanirudishia."

Akaichomeka. Simu ikauliza neno la siri. Kulthumu akageuka, akaandika chapuchapu, ikafunguka.

"Ukishahama," akanieleza, "hata simu ikifa, mama mkwe wako yuko kwenye kadi. Unaitoa, unaichomeka kwenye simu nyingine kama hii, anaongea."

Maneno hayo yaliniingia kama uji wa moto tumboni. Nikamwambia ahamishe.

* * *

Wasomaji, kama hujawahi kuangalia kile kimstari kinachojaa taratibu kwenye kioo cha simu, huku maisha yako yako ndani yake, hujui kusubiri ni nini.

Kimstari kilienda. Kikasimama. Kikaenda. Mteja akaja anataka betri yake, Kulthumu akamfokea aende zake. Umeme ukakatika, feni ikanyamaza. Tukakaa kwenye joto, vichwa viwili juu ya simu moja.

Kikafika mwisho.

Papo hapo simu ikaanza kulia. Meseji! Moja, nyingine, nyingine, zinaingia kwa fujo kama watoto wanaotoka shule.

"Umeona?" Kulthumu akapiga makofi. "Nafasi imepatikana. Maana yake video limeshahama."

Nikafungua meseji ya juu. Ilikuwa ya Nicholaus.

"Prisila mbona hujibu? Nikipiga mtandao unakatika. Baba mdogo amebadilisha. Kikao si Jumapili tena, ni Ijumaa baada ya chakula cha mchana. Njoo na simu. Usipokuja atasema huna kitu."

Ijumaa. Leo.

Nikabonyeza meseji ya pili. Simu ikaganda. Nikabonyeza tena. Imeganda. Bado zile meseji zinalia ndani yake, lakini kioo hakisogei.

"Toa betri!" nikapiga kelele. "Toa betri, nachelewa mimi!"

Kulthumu akachomoa betri, akairudisha, akawasha.

Kioo kikawa cheupe. Cheupe kama shuka la hospitali. Akachomoa tena, akapuliza, akairudisha. Cheupe.

"Hii imekufa," alisema polepole.

"Imekufa?"

"Simu. Kadi haijafa. Tulia." Akaichomoa kadi, akaifunga kwenye kipande cha karatasi ya sigara, akanifumbatisha mkononi. "Mama yako huyo hapo. Nenda."

"Tungemjaribu kwanza..."

"Kwenye simu gani? Hapa hakuna simu ya kadi nene. Gari la Ruangwa hilo linapiga honi. Nenda, Prisila!"

Nikakimbia. Nilikuwa nimevaa kanga ya dukani na tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

* * *

Njia nzima ya kwenda Ruangwa nilikaa nimefumba ngumi. Pale Ruangwa nikapata pikipiki ya kwenda Mbekenyera. Dereva akaniambia nimshike vizuri kwa sababu ya mchanga. Nikamshika kwa mkono mmoja.

"Dada, shika kwa mikono miwili!"

"Mmoja una kazi."

"Una kazi gani mkono mtupu?"

Ningemjibu nini? Kwamba nimembeba mama mkwe?

Nilipofika, vumbi jekundu limenijaa mpaka kwenye kope, kikao kilikuwa kimekwisha kukaa. Mzee Agapiti yuko kwenye kiti cha uvivu. Shangazi Letisia, dada wa marehemu baba yake Nicholaus, yuko kwenye mkeka. Nicholaus amesimama kwenye nguzo ya baraza, macho mekundu. Na Mama Lusiana mwenyewe walimtoa nje, wakamkalisha kwenye kiti chenye mito, mkono wake mmoja mapajani kama kitu cha mtu mwingine.

Nikapiga magoti.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi. Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema Mzee Agapiti. "Tulidhani umeona aibu."

"Nimechelewa kupata taarifa, baba."

"Nicholaus amekuandikia tangu Jumatano."

"Simu ilikuwa imejaa."

Mzee akamgeukia Shangazi Letisia. "Imejaa. Simu nayo ni debe?"

Watu wakacheka. Nicholaus hakucheka. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Unayo?"

Nikafungua ngumi. Karatasi ilikuwa imelowa jasho.

"Simu iko wapi?"

"Imekufa. Mama yuko humu."

Nicholaus akaiangalia kadi, kisha akamwangalia baba yake mdogo, nami nikaelewa kabla hajasema. Mbekenyera nzima kulikuwa na simu moja tu ambayo ingeweza kumfungua Mama yule, nayo ilikuwa imening'inia shingoni kwa Mzee Agapiti.

* * *

"Mnataka simu yangu," alisema mzee, "ili mniletee ushahidi wa kunipinga mimi."

"Baba mdogo, ulisema unataka kusikia," akajibu Nicholaus.

"Nilisema. Na mimi nikisema sirudi." Akaivua simu shingoni. Hapo, wasomaji, niseme haki ya mzee yule: hakutafuta kisingizio. Alifungua mfuniko mwenyewe, akaichomeka kadi mwenyewe, akavaa miwani.

Akatazama. Akatazama sana.

"Inataka neno la siri."

Pale kibandani Kulthumu aligeuka akaandika. Kwa nini sikuuliza? Kwa nini yeye hakusema?

"Neno gani?" akauliza mzee.

"Sijui, baba. Kadi si yangu."

"Simu si yako, kadi si yako, neno hulijui. Sasa wewe chako ni kipi?"

Akabonyeza kitu. Kioo kikabadilika. Akasoma kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha shule ya misheni, kisha akatafsiri: "Inasema kadi haisomeki. Inauliza, isafishwe ianze upya? Ndiyo au hapana." Akainua kidole gumba. "Pengine ndiyo njia ya kuifungua. Nibonyeze ndiyo?"

"Hapana!"

Tulipiga kelele wawili, mimi na Nicholaus. Nicholaus aliruka kutoka kando yangu, akaikamata simu pamoja na mkono wa mzee. Sijawahi kumwona mwalimu yule akimgusa baba yake mdogo namna ile. Hata Shangazi Letisia aliacha kuchambua mbaazi.

"Unanishika mkono, Nicholaus?"

"Nisamehe, baba. Ungebonyeza ndiyo, mama angefutika."

Mzee akaangalia kidole chake gumba kama amekishika kikiiba. Akamkabidhi simu polepole.

Nicholaus akachukua kale kasimu kake ka tochi, tukakimbilia nyuma ya nyumba, juu ya kichuguu. Mtandao wa pale unasimama kichuguuni tu, tena uelekee upande mmoja. Akapiga, akanipa.

"Kulthumu! Neno la siri la kadi!"

"Nani?"

"Mimi Prisila! Neno la siri! Nimesimama juu ya kichuguu, sema haraka!"

"Niache!"

Nikashangaa. "Kulthumu, usinifanyie hivyo. Leo si siku ya kununiana."

"Nasema niache!"

"Nimekukosea nini? Ni betri? Mimi ndiye niliyesema utoe betri, sikulaumu, ila nisaidie..."

"Wewe mwanamke!" akapaza sauti, mtandao unakwaruza. "Neno lenyewe ndilo hilo! Niache! Nililiweka kwa ajili ya wateja wasumbufu! Andika niache!"

Nicholaus akaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Tukarudi barazani mbio. Akaandika. Kadi ikafunguka.

Ilikuwemo. Faili moja tu, peke yake. Nikamshukuru Mungu wa Wakristo na nikamwombea dua Kulthumu kwa Mungu wake.

* * *

Nicholaus akaiweka simu juu ya kinu kilichogeuzwa, watu wakasogea. Mama Lusiana akageuziwa kiti.

Akatokea kiooni. Kitanda cha hospitali, shuka, kanga yangu ya bluu mabegani mwake. Na sauti! Watu walikuwa hawajaisikia sauti ile tangu arudi. Shangazi Letisia alijifunika uso.

"Nawasalimu wote wa nyumbani," alisema yule wa kiooni. "Letisia, wifi yangu, nakusalimu. Usiuze mbaazi mpaka nirudi. Agapiti, shemeji yangu, nakushukuru. Umenilelea watoto wakakua."

Mzee Agapiti akavua miwani, akaifuta.

"Mimi nimo. Mkono huu umelala lakini huu unafanya kazi, mnaona?" Akauinua. "Sasa nina neno. Kuhusu mwanangu Nicholaus na mambo haya ya kuoa. Nimelala hapa nimewaza. Nilikuwa na kichwa kigumu, nalisema mwenyewe. Leo mimi Lusiana nasema..."

Picha ikasimama.

Mdomo wazi. Mkono juu.

Nicholaus akabonyeza. Ikarudi mwanzo. "Nawasalimu wote wa nyumbani..." Tukasubiri. Letisia na mbaazi. Agapiti na shukrani. Kichwa kigumu. "Leo mimi Lusiana nasema..."

Ikasimama palepale.

Ndipo nikaona waziwazi tulichokifanya kibandani. Simu ilikuwa imekwisha kumfuta Mama kule alikotoka, ila huku alikokwenda ilikuwa bado inammalizia, nasi tukachomoa betri. Alikuwa mlangoni, nusu ndani nusu nje, tukafunga mlango. Na nusu iliyobaki haikuwa kwenye simu wala kwenye kadi. Haikuwa popote.

"Anasema nini?" akauliza Mzee Agapiti.

"Alisema," nikajibu, "'Leo mimi Lusiana nasema, mke wa Nicholaus ni Prisila, na asiyemtaka aje anigeuze kitandani yeye.'"

Shangazi Letisia akaguna. Ni kweli, ni namna ya Lusiana ya kusema. Lakini mzee akatikisa kichwa.

"Hayo umesema wewe. Huyu amesema 'nasema.' Akanyamaza."

"Mimi niliiona yote, baba mdogo," akasema Nicholaus. "Ni hivyohivyo."

"Wewe ni bwana harusi. Bwana harusi hawi shahidi."

Nilitaka kuipiga ile simu chini. Nilitaka kumpiga Kulthumu, na yule aliyetengeneza kimstari kinachojaa kabla kazi haijaisha. Miezi ya kubeba beseni, kufua mashuka, kukaa macho kwenye benchi la wodi, yote yamekatwa kwa neno moja. Nasema. Unasema nini, mama? Malizia!

Nikamgeukia mwenyewe. Alikuwa amekaa pale, machozi yanamshuka upande mmoja wa uso, ule wenye uhai. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mkono mzima.

"Mama. Kama ulinikubali, nibane mkono. Kama sivyo, niachie."

Akanibana.

Akanibana mpaka pete yake ya ndoa ikaniumiza kidole.

"Amenibana!" nikapiga ukelele. "Amenibana, jamani!"

"Nani ameona?" akauliza Mzee Agapiti.

Nikawaangalia wote. Hakuna aliyeona. Mkono umekaa ndani ya mkono, unaona nini? Nicholaus akasema, "Mama, mbane tena, waone." Lakini Mama alikuwa amelegea, kichwa kimeegemea mto, pumzi nzito. Nguvu yote aliyokuwa nayo siku ile alikuwa amenipa mimi, na mimi peke yangu ndiye niliyeihisi.

Shangazi Letisia akasema maneno ya lugha yao, Kimwera, marefu, na Kimwera changu ni cha kuokoteza sokoni. Nilishika moja tu: kesho.

"Sawa," mzee akaamua. "Apumzike. Kesho mchana tutauliza tena, mbele ya watu wote. Na binti wa Nanganga naye atakuwepo. Kila mmoja akae upande wake, Lusiana atoe mkono kwa anayemtaka. Atakayepewa, mimi Agapiti sitamwekea neno. Nitakwenda Nanganga mwenyewe kuomba radhi kama ikibidi."

Nicholaus akanitazama kwa matumaini. Mimi moyo haukutulia. Kwa sababu wakati mzee anasema "atakuwepo," Shangazi Letisia alikuwa ameangalia upande wa jikoni.

* * *

Nilikwenda nyuma ya nyumba kunawa uso.

Jikoni kulikuwa na msichana ameinama anapepea makaa. Mrembo wa kawaida, kitambaa kichwani, mikono ya mtu anayelima. Aliponiona akasimama, akafuta viganja kwenye kanga.

"Wewe ndiye Prisila," alisema.

"Na wewe?"

"Aurelia."

Nilikuwa nimemwaza kila namna, mwenye maringo, mwenye dharau, mwenye mdomo. Sikuwa nimemwaza akiwa na sufuria la uji.

"Uko hapa tangu lini?"

"Tangu arudi kutoka kwenu. Baba alinileta nimhudumie." Akakoroga uji. "Ananikumbatia shingo nikimwinua. Usiku hawezi kulala mpaka nimkande miguu. Nilisikia video yote nikiwa humu."

Ina maana alipoondoka mikononi mwangu alipokelewa na mikono hii.

"Dada," akasema, anaangalia uji, "sikuulizwa mimi. Waliongea wao na baba. Lakini nikikudanganya kwamba sijamzoea mama huyu, nitakuwa mwongo. Mama yangu alifariki nikiwa mdogo. Huyu..." Hakumaliza. Siku ile hakuna aliyemaliza sentensi.

"Na Nicholaus?"

"Nicholaus anakula chakula changu anasema asante, mwalimu kabisa. Basi." Akamimina uji kwenye bakuli. "Nishikie kijiko na kitambaa. Akiamka asipokula mapema anashindwa kumeza."

Ningekataa? Nikamshikia.

Walikuwa wamekwisha kumwingiza Mama ndani na kumlaza. Mzee Agapiti amekaa kwenye kigoda karibu na kitanda, Nicholaus dirishani, Shangazi Letisia anapunga nzi. Sisi tukaingia kwa pamoja, kwa sababu mlango ule ni mpana na hakuna aliyetaka kumtangulia mwenzake. Yeye na bakuli, mimi na kijiko.

Mama akafungua macho.

Akatuangalia. Upande ule wenye uhai wa uso wake ukaanza kusogea, kwa shida, kama mtu anayesukuma mlango ulioota kutu. Mdomo ukatetemeka. Nicholaus akasimama wima. Mzee Agapiti akainuka nusu kwenye kigoda.

Na sauti ikatoka. Nzito, imechanika, lakini sauti. Ya kwanza tangu ulimi wake ufunge.

"Mwa... nangu."

"Abee, mama," nikaitika.

"Abee, mama," akaitika Aurelia.

Tulikuwa tumeitika pamoja. Na Mama, macho yakiwa mlangoni tulipo, akaanza kuunyanyua ule mkono wake mzima.